Ng'ombe Aliyepelekwa Mgeta

Ninakusanya wanyama wa shaba. Nasema mapema ili anayetaka kuguna agune sasa tuendelee. Kazi yangu ni duka la vifaa vya umeme karibu na soko la Morogoro: soketi, nyaya, balbu, swichi. Mwanamke anayeuza nyaya alikuwa kichekesho cha kutosha mtaani kwetu, lakini mimi sikutosheka nikajiongezea na wanyama.

Si wanyama wale wa kuuzia watalii. Wangu wamemiminwa kwa shaba iliyochanganywa na bati, kule India, zamani. Nikisema zamani sina maana ya enzi za bibi yangu. Nina maana ya kabla Mjerumani hajaleta reli hapa, na kabla babu wa babu wa wenye maduka yetu ya Kihindi hajafikiria kuvuka bahari. Waliokuja baadaye walikuja nao kwenye masanduku, pamoja na mizani na vyombo vya sala, na kwa kuwa kitu cha shaba hakifi, wengine wamebaki Morogoro mpaka leo wakizuia milango.

Nimejifunza kuwatambua. Mnyama nikimpata namgeuza tumbo juu kwanza, kama mtu anayenunua kuku. Natafuta mshono. Wa siku hizi wanatoka kwenye kalibu ya vipande viwili, kwa hiyo wana mstari mgongoni kama wa suruali. Wa zamani hana mstari. Fundi alimtengeneza kwanza kwa nta, akamfunika udongo, akamchoma moto; nta ikayeyuka ikatoka, shaba ikamiminwa mahali pake, kisha udongo ukavunjwa. Kalibu ilivunjwa na mnyama mmoja alitoka, basi. Hana pacha popote duniani. Baada ya hapo natazama uso. Mnyama aliyeshikwa na vizazi vya watu uso wake unalainika, pua inapotea, na macho yanabaki kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. Rangi inakuwa kahawia nzito, karibu nyeusi, na rangi hiyo huwezi kuinunua dukani.

Farasi wangu mwenye miguu mitatu nilimtoa Turiani, kwa mfanyabiashara wa mpunga aliyemtumia kama jiwe la mizani. Simba mmoja, ambaye kwa kweli anafanana na mbwa, nilimpata Gairo amekalia risiti za muuza karanga ili zisipeperuke. Waliobaki nimewapata kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hao tumeelewana: kabla hawajapakia gari la kwenda kuyeyushwa Dar es Salaam, kitu chochote chenye miguu wananipigia simu. Mara mbili nimekimbia kutoka dukani nikakuta ni jiko la mkaa.

Watu wananiuliza kama wanyama hawa wanavuta wateja. Najibu kwamba kama wangekuwa wanavuta, ningekuwa na ghorofa. Mzee mmoja wa kanisa alikuja nyumbani kuniombea kwa sababu yao. Akaomba vizuri, akanywa chai, na alipokuwa anaondoka akauliza kama yule tembo wangu wa kabatini nitamuuza.

Niliyempenda kuliko wote alikuwa fahali. Alinifikia kutoka kwa bibi mmoja wa Kihindu aliyekuwa akiuza vitambaa jirani na duka langu, alipofunga biashara na kuhamia kwa wanawe Dar es Salaam. Fahali alikuwa mkubwa kuliko wenzake, kama paka aliyeshiba, na mzito kuliko alivyoonekana. Alikuwa amelala, miguu imekunjwa chini ya tumbo, ana nundu, ana kengele shingoni, na pembe moja fupi kuliko nyingine. Haikuvunjika. Fundi alichoka tu. Bibi yule aliniambia alikuwa wa chumba cha sala cha bibi wa bibi yake, na kwamba wanawe wameshanunua mwingine wa marumaru, mweupe, mwenye taa ndani.

“Shikamoo bibi, sasa huyu unaniuzia bei gani?” nikamuuliza.

“Marahaba. Huyu hauzwi,” akasema. “Nifungie feni mbili vizuri zisipige kelele, umchukue. Umtunze.”

Nikamfungia feni. Sijawahi kufunga feni kwa uangalifu kama siku ile.

Mama yangu aliishi kwangu miaka yake ya mwisho. Alikuwa Mluguru wa Mgeta, huko juu milimani ambako watu wanalima kwenye matuta yaliyosimama kama ngazi, na kwa maoni yake kitu kisicholiwa wala kuvaliwa hakikuwa na sababu ya kufutwa vumbi. Wanyama wangu aliwaita vyuma. “Vyuma vyako vimekuja vingapi leo?” Lakini fahali nilikuwa nimemweka kwenye kigoda kando ya kiti chake, na magoti ya mama yalikuwa mabovu. Kila alipotaka kusimama aliiegemea nundu ya fahali, akajisukuma, akasimama. Nilipomwambia kwamba naona amempenda, alikataa. “Kiko karibu tu,” alisema. Nundu ikaanza kung'aa mahali alipoweka kiganja.

Akafa alfajiri moja, kitandani, bila kumsumbua mtu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Msiba ulianzia kwangu kabla ya kumpandisha Mgeta kuzikwa. Kila mtu anajua kinachotokea kwenye nyumba yenye msiba: majirani wanaingia, wanatoa viti, meza na makabati nje, wanatandika mikeka. Hawaulizi, na mfiwa hana kauli. Kabati langu la vioo likabebwa na wanaume wanne, na wanyama wakapangwa barazani ukutani, tembo, farasi, simba-mbwa, fahali mwisho, wakitazama watu wanaokuja kutoa pole.

Hapo ndipo alipokuja mtani.

Kwetu Uluguru kila ukoo una ukoo mwingine ambao ni watani wake. Mtani ndiye anayechimba kaburi lako na ndiye anayekutukana ukiwa unalia. Anaweza kuvaa nguo za marehemu na kutembea kama yeye, anaweza kulala kaburini akakataa kutoka mpaka mumpe kitu, anaweza kuchukua sufuria ya ubwabwa akakimbia nayo. Chochote anachochukua unakikomboa kwa kitu kidogo, kuku au chumvi, na mnacheka. Kosa ni moja tu. Mtani hakasirikiwi.

Huyu alikuwa mkulima wa kabichi na njegere, mwanaume wa rika langu, mrefu, mwenye koti la mvua ambalo sikuwahi kumwona hajalivaa hata jua likiwaka. Alisimama barazani akawakagua wanyama mmoja mmoja. Kisha akachomoa kamba ya mgomba mfukoni, akamfunga fahali shingoni, akaanza kumvuta sakafuni kuelekea nje.

“Marehemu alikuwa na ng'ombe na hakutuambia!” alipaza sauti. “Mchoyo huyu! Ametuachia njaa, kumbe zizi limejaa!”

Wanawake kwenye mikeka wakaangua kicheko. Mimi niliisikia shaba ikikwaruza saruji. Nilikuwa nimekaa kimya tangu alfajiri, sijalia, sijaongea, nimeelekeza tu watu vikombe vilipo. Nikainuka.

“Weka chini!” nikasema. “Weka chini hicho kitu, mshenzi mkubwa wewe! Unajua umri wake? Unajua mama yangu alikuwa—” na sentensi hiyo sikuimaliza. Niliyoendelea nayo siyaandiki hapa. Yalikuwa mengi, na yalikwenda mpaka kwa mama yake mzazi.

Kicheko kikakatika. Mjomba wangu, mdogo wake mama na mkubwa wa ukoo wetu, akaniita kwa upole wa kutisha.

“Mpwa wangu, umemkasirikia mtani?”

“Amenivutia mali yangu chini, mjomba.”

“Sikukuuliza amefanya nini. Nimekuuliza umemkasirikia?”

Ikaamuliwa pale pale kwamba nitoe jogoo mmoja, fahali akombolewe na maneno yaishe. Jogoo si kitu. Bandani nilikuwa nao, na mmoja nilikuwa nimeshamchoka kwa kuwika ovyo. Lakini nilikuwa na hasira, na bado naona hasira ile ilikuwa na haki zake. Nikasema, “Jogoo sitoi. Atoe yeye ng'ombe wangu.”

“Basi,” mtani akasema, bila kuinua sauti, “ng'ombe kakataliwa kwao. Nitamlisha mimi.”

Akampakia kwenye pikapu ile ile iliyobeba jeneza. Mama na fahali walipanda mlima siku moja, gari moja, na mimi nikiwa mbele kwa dereva, nimegeuza shingo njia nzima. Sikujua ni nani kati yao nilikuwa namchunga.

Nilifikiria polisi. Lakini ningeandikisha nini? Kwamba mtani amechukua ng'ombe kwenye msiba? Askari wa zamu naye ana watani.

Wiki kadhaa baadaye ikaingia picha kwenye simu yangu. Fahali amefungwa kamba kwenye mgomba, mbele yake kuna rundo la majani mabichi. Chini yake maneno: “Anakula vizuri. Ameuliza kama mwenye duka la nyaya hajambo.” Niliikuza picha ile kwa vidole. Kitu cha karne tatu, nje, kwenye umande!

Ndivyo ilivyoanza. Siku za soko alishuka na magunia yake, akishamaliza kuuza alipita dukani kwangu na koti lake la mvua, akasimama mlangoni akitoa taarifa ya mfugo mbele ya wateja. Ng'ombe amepigwa na jirani kwa kuingia shambani. Ng'ombe ana mimba, na alipoambiwa na mteja kwamba huyo ni dume, akasema ndiyo maana wote Mgeta wanashangaa. Nilishapoa kidogo kufikia hapo, nikamletea jogoo, yule yule wa kuwika ovyo. Akamkataa.

“Jogoo alikuwa wa siku ile,” alisema. “Ng'ombe amekula majani yangu masika mawili. Sasa nataka ndama.”

“Nitakupa ndama wa nyoko.”

“Ahaa!” akawageukia wateja. “Mnamsikia? Anajifunza!”

Siku moja ikaja picha ya fahali ndani ya ndoo, povu limemfika nunduni. “Leo tulikuwa josho,” ameandika. “Kupe wamekwisha.” Picha iliyofuata fahali alikuwa aking'aa kama sufuria ya harusi. Alikuwa amemsugua kwa majivu na limau, kila mahali, hata chini ya mkia. Ile rangi ya kahawia iliyokuja polepole, mkono juu ya mkono, nyumba baada ya nyumba, iliondoka asubuhi moja kando ya bomba la Mgeta. Nilifunga duka. Nikaenda kulala mchana, na mimi si mtu wa kulala mchana. Aliposhuka tena nilimwambia kwamba sasa yule hana thamani hata kwa muuza vyuma.

“Kwa hiyo humtaki?”

“Namtaka.”

“Basi ana thamani,” akasema, akaomba maji ya kunywa.

Ni siku hiyo nilipomuuliza kwa nini alimchukua yeye, kati ya wanyama wote barazani. Nilitegemea matusi. Alimaliza maji kwanza.

“Wewe ulikuwa umekaa pale kama gogo,” alisema. “Mama yako kafa, wewe unahesabu vikombe. Mtu wa namna hiyo anapasuka. Nikauliza wanawake, wakaniambia mama yako alikuwa anamshika huyu akisimama. Nikajua nikimgusa huyu utaongea.”

“Ungenipiga kofi tu.”

“Kofi linaisha.”

Baada ya hapo hatukuzungumzia jambo hilo tena, na wala sikumsamehe kuhusu limau. Lakini niseme ukweli: nilianza kusubiri siku za soko. Akichelewa nilikuwa natoka mlangoni kutazama njia kama mtu anayetafuta chenji. Tangu mama afariki watu walinitendea kwa adabu nyingi, pole mama, utulie mama, na adabu ikizidi inaumiza. Yeye peke yake alinitukana vizuri. Nilimpenda kwa hilo, ingawa angelisikia neno hilo angelitangaza soko zima.

Halafu picha zikapungua. Alishuka mara moja, amekonda ndani ya koti, akasema kifua kinamsumbua, akanitukana kwa kifupi. Baadaye akawa anakuja mwingine na kabichi zake. Simu ilipolia na nikaona namba yake, nilipokea nikisema, “Mwizi, unasemaje?” Alikuwa ni dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi naye. Akaniambia mdogo wake amefariki, tupande.

Tukapanda. Safari hii sisi ndio tulikuwa watani. Vijana wa ukoo wangu walitangulia kuchimba kaburi, na mimi nilipanda na mjomba, aliyezeeka sasa lakini hajalegea. Njiani akanikumbusha: “Leo ni zamu yako. Usiende kule kulia kama mfiwa. Lia baadaye.”

Nilimwona fahali kabla sijafika mlangoni. Alikuwa kizingitini, anazuia mlango usijifunge kwa upepo. Rangi ilikuwa imeanza kumrudia kwenye mikunjo, kwingine bado anawaka. Nikafunga kanga kiunoni, nikamnyanyua, nikaingia nikipiga kelele.

“Mwizi yuko wapi? Amelala? Tangu lini mwizi analala mchana, wenye mali wakiwa macho?”

Wakacheka, wakapiga vigelegele. Bibi mmoja akaniambia, “Mchukue, mtani, ni wako, ameshachungwa vya kutosha.” Hakuna aliyepinga. Ningeweza kutoka pale pale nikamweka kwenye gari. Miaka yote ile nilikuwa nimefikiria saa hiyo, na ilikuwa nyepesi kuliko kununua mchicha.

Lakini dada yake alikuwa amekaa kwenye kona ya mkeka, mgongo wima, macho makavu, anaelekeza watu mahali pa kuweka unga. Nilimvamia na kila tusi nililokuwa nalo. Nilivaa koti la mvua la marehemu, nikatembea kama yeye, nikauza kabichi hewa. Watu walijishika mbavu. Yeye alinitazama kama mtu anayetazama mvua, akasema, “Unga mwingine uko jikoni.”

Mjomba akanikonyeza kwamba kazi bado.

Makaburini, jeneza lilipowekwa ukingoni, nikawaambia vijana wetu waniteremshe kaburini. Mimi ni mwanamke wa makamo, na mwili wangu haukuumbwa kwa kuruka. Waliniteremsha kama gunia la karoti, kisha wakanipa fahali. Katekista akafunga kitabu chake akasubiri. Amezika wengi Mgeta, anajua utaratibu.

“Haingii mtu humu!” nikapiga kelele kutoka chini. “Mpaka aniambie kwa nini alimwogesha ng'ombe wangu limau! Mimi na ng'ombe hatutoki! Leteni jogoo!”

Vicheko vikamwagika juu yangu pamoja na udongo kidogo. Nikangoja. Kichwa cha dada yake kikatokea ukingoni, kimefungwa kitambaa cheupe.

“Wewe mwanamke wa soketi,” alisema. Sauti ilikuwa imekauka. “Unataka jogoo?”

“Nataka jogoo!”

“Jogoo sitoi.” Akamnyooshea fahali kidole. “Mwache huyo ng'ombe humo humo. Wewe umemlisha lini? Ulimpa hata jani moja? Aliyemkatia majani mvua ikinyesha ni huyu! Ni huyu hapa!” Akalipiga jeneza kwa kiganja, mara moja, mara ya pili, na hapo akapasuka. Alilia kwa sauti. Wanawake wakamdaka. Na katikati ya kilio akawa anacheka, akirudia, “Majani! Alikuwa anamkatia majani kweli, mjinga huyu!”

Nilibaki chini na fahali mikononi. Nilidai ukombozi, ukakataliwa; kisichokombolewa kinabaki kilikopelekwa, na sheria hiyo niliijua vizuri kuliko mtu yeyote aliyesimama pale. Hata hivyo ningeweza kubishana. Mtani anaruhusiwa kubishana mpaka jua lizame. Nilimtaka yule mnyama. Nilimtaka kwa pembe yake ya uvivu, na kwa kiganja cha mama yangu, na kwa kuwa hana pacha popote duniani, na mkusanyaji aliye ndani yangu alikuwa ananiambia wazi kwamba hili ni wazimu, kwamba vitu vya namna hii haviwekwi ardhini, vinatolewa ardhini.

Nikamweka upande ambao miguu ya marehemu ingelala. Nikamgeuza kidogo ili alale vizuri. Nikanyoosha mikono, vijana wakanivuta.

“Limau lake limwashe huko huko,” nikasema, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya mwisho. Wakacheka tena. Jeneza likashushwa. Ukoo wangu ukafukia, na ilipofika zamu yangu ya kutupa udongo nililia bila utani wowote, nikamlilia yeye na nikamlilia mama, ambaye nilikuwa nadaiwa machozi tangu ule msiba wa vikombe. Hakuna aliyenishangaa.

Jioni tulishuka. Pale magari ya mboga yanapopakia, mwanamke mmoja anayeuza njegere, aliyesikia kisa chetu kwa miaka, akanipungia mkono.

“Mama soketi! Ng'ombe umempata?”

“Nimempata.”

Akachungulia ndani ya gari, kwenye viti, miguuni kwa mjomba. “Mbona simwoni? Yuko wapi?”

“Nimemwacha kwa mwenyewe,” nikamwambia.